Sinagogi la Mtaani Likishambuliwa

Jumamosi, tarehe 27 Oktoba 2018, asubuhi, mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi la Tree of Life, mtaa wa Squirrel Hill, mjini Pittsburgh, Marekani. Chini ya paa lile zilikuwa zikisali jumuiya tatu za Kiyahudi, na waliokwisha kufika saa ile wengi walikuwa watu wazima, maana hata kwetu, msikitini na kanisani, wazee ndio huwahi. Aliua watu 11. Bibi Rose Mallinger alikuwa na miaka 97. Cecil na David Rosenthal, ndugu wa tumbo moja waliozoea kuwapokea waumini mlangoni, walikufa pamoja. Daktari Jerry Rabinowitz, ambaye wagonjwa wa UKIMWI mjini humo walimkumbuka kwa kuwashika mikono wakati wengine wakiogopa hata kuwakaribia, aliuawa alipotoka kwenda kuwasaidia waliojeruhiwa.

Huenda ukauliza, ndugu msomaji, kisa hiki kinatuhusu nini sisi tunaosema Kiswahili. Kinatuhusu sana. Kabla ya kuingia mle ndani, muuaji aliandika sababu yake kwenye intaneti: alikuwa na hasira na HIAS, shirika la Kiyahudi linalowasaidia wakimbizi, kwa kuwa, kwa maneno yake, linaleta wavamizi. Moja ya zile jumuiya tatu, Dor Hadash, ilikuwa imeshiriki siku chache tu nyuma katika Sabato maalumu ya kuwakumbuka wakimbizi iliyoandaliwa na shirika hilo. HIAS ilizaliwa New York katika karne ya 19 ili kuwapokea Wayahudi waliokimbia mauaji huko Urusi. Leo inahudumia wakimbizi wa dini zote, na Nairobi imekuwapo tangu mwaka 2002. Wakati wa shambulio ilikuwa miongoni mwa mashirika tisa yaliyopewa kazi ya kuwapokea wakimbizi wanaoingia Marekani, na katika mwaka wa fedha wa 2018 zaidi ya theluthi moja ya wakimbizi hao walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa hiyo hao "wavamizi" ni pamoja na mama aliyetoka Bukavu au Uvira, akakaa miaka katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, akafika Marekani na watoto wake na Kiswahili chake. Wazee wale walichukiwa kwa sababu ni Wayahudi, na pia kwa sababu walitufungulia mlango. Wema wa namna hiyo ni deni, na deni hulipwa kwa vitendo.

Makala haya ni ya kukusaidia kulilipa vizuri, popote unapoishi karibu na Wayahudi: Pittsburgh, London, Toronto, au Nairobi, ambako jumuiya ya Kiyahudi imekuwapo tangu mwaka 1904. Msingi wake unaujua tayari, kwani umelelewa katika kwenda msibani. Lililobaki ni kujua desturi za nyumba unayokwenda.

Jua jirani kabla ya msiba

Ujirani haujengwi siku ya jeneza. Kama mtaani kwako kuna sinagogi, tafuta leo namba ya ofisi yao, piga simu au andika, jitambulishe: unaitwa nani, unaishi wapi, wewe ni wa msikiti gani au kanisa gani, na kwamba wangekuwa na shida ungependa wajue pa kukupata. Maneno hayo machache yana uzito kwa watu waliozoea kupokea barua za matusi.

Usiende kwa kushtukiza. Masinagogi mengi hufunga milango wakati wa ibada na huweka walinzi. Rabi Jeffrey Myers wa Tree of Life hushika Sabato, siku ambayo kwa desturi simu haiguswi, lakini alikuwa ameshauriwa na wataalamu wa usalama awe nayo mfukoni, na ndiyo aliyoitumia kuwaita polisi asubuhi ile. Ukisimamishwa mlangoni, ukaulizwa jina na mfuko wako ukapekuliwa, usione umedharauliwa. Hayo ni maisha yao ya kila wiki.

Ukialikwa ndani, mwanamume atafunika kichwa, na kofia yako ya vito inatosha kabisa. Vaa kwa stara kama uendavyo kwenye ibada yako. Siku ya Sabato, yaani kuanzia machweo ya Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi, simu ikae kimya mfukoni, na usipige picha.

Jua pia kalenda yao. Wauaji wanaijua. Huko Halle, Ujerumani, mwaka 2019, mshambuliaji alichagua Yom Kippur, siku ya kufunga na kutubu, iliyo kubwa kuliko zote. Waumini waliokuwa ndani waliokolewa na mlango uliogoma kuvunjika, kisha yeye akaua watu wawili waliokuwa nje. Manchester, Uingereza, nako sinagogi lilishambuliwa tarehe 2 Oktoba 2025, siku ya Yom Kippur, na waumini wawili walikufa. Basi wiki ya sikukuu zao uwe na jicho la ziada, na ukiona jambo lisilo la kawaida karibu na jengo lile, sema mapema.

Saa za mwanzo

Habari ikivuma, simu yako itajaa video. Usizisambaze. Mtoto wa marehemu asiione damu ya baba yake kwa mkono wako. Usitaje majina ya waliokufa kabla familia hazijaambiwa, na kumbuka kwamba Wayahudi wengi wanaoshika Sabato huwa wamezima simu, hivyo wapo watakaochelewa kupata habari. Usikimbilie eneo la tukio kwenda kutazama. Na usimtaje mshambuliaji kuwa wa kabila fulani au dini fulani hadi ijulikane, kwa maana uvumi wa saa ya kwanza umewaumiza watu wasio na hatia, wakiwamo wa kwetu.

Ukiwa shahidi, andika mara moja ulichokiona: saa, nguo, namba ya gari, njia aliyoelekea. Wapo kati yetu wanaoogopa polisi kwa sababu karatasi zao hazijakamilika. Kama ndivyo ulivyo, zungumza kwanza na ofisi ya sinagogi au na mwanasheria unayemwamini. Uingereza lipo shirika la jumuiya ya Kiyahudi, Community Security Trust, linalopokea taarifa za matukio ya namna hii.

Kisha mtafute yule mmoja unayemjua: mwenzako kazini, mwalimu wa mtoto, daktari, jirani wa ghorofa ya juu. Mwandikie ujumbe mfupi: "Nimesikia. Pole sana, wewe na watu wako. Sihitaji unijibu. Kesho nitakuwa nyumbani, ukihitaji mtu wa kukusindikiza au kukaa na watoto, niambie." Usimuulize imetokeaje. Usimpe kazi ya kukueleza historia ya chuki dhidi ya Wayahudi siku ambayo hajalala.

Neno "lakini"

Rambirambi nyingi huharibiwa na neno moja. "Pole sana, lakini na nyinyi kule Israeli..." Likishatoka hilo, pole yote imefutika.

Kama moyo wako unaumia kwa ajili ya watu wa Gaza, hakuna anayekutaka uukane. Ipeleke hoja yako serikalini, kwa mbunge wako, kwenye maandamano ya amani, uiseme kwa sauti. Mlango wa sinagogi si ubalozi. Muumini wa Pittsburgh au Manchester hakutumwa na serikali yoyote, na katika jumuiya yake mwenyewe utakuta watu wanaobishana vikali kuhusu Israeli kuliko mnavyobishana nyumbani kwako.

Sisi tunalijua jambo hili kwa machungu. Aprili 2014, baada ya mashambulio ya al-Shabaab nchini Kenya, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, kana kwamba muuza nguo na mama mwenye mtoto mgongoni ndio waliopanga mauaji. Mnyamulenge wa Kongo anayetukanwa barabarani kwa mambo ya serikali ya Kigali naye anajua. Yule anayemtaka Myahudi wa mtaani ajibu kwanza kuhusu vita ndipo amhurumie, anamfanyia lile lile.

Desturi za msiba wao

Hapa msomaji Mwislamu atakuta mengi anayoyafahamu. Maiti huoshwa, huvikwa sanda nyeupe isiyo na mapambo, na huzikwa haraka iwezekanavyo. Inapotokea jinai, uchunguzi huchelewesha mambo, na kucheleweshwa huko ni uchungu juu ya uchungu. Pittsburgh mazishi yalianza Jumanne, siku tatu baada ya shambulio.

Baada ya maziko familia hukaa nyumbani siku saba, na kukaa huko huitwa shiva, maana yake saba. Wafiwa huketi kwenye viti vifupi, na vioo vya nyumba hufunikwa. Mara nyingi mlango huachwa bila kufungwa, nawe waingia bila kubisha. Ukiingia, kaa. Desturi ni kumwachia mfiwa aanze kuzungumza. Akitaka kumsimulia marehemu, msikilize. Akinyamaza, nyamaza naye. Wale waliozoea matanga ya kwetu, yenye kwaya, turubai na sufuria kubwa uani, watauona ukimya ule ni mzito. Uvumilie, ndio wanaouomba kwako. Unapoondoka unaweza kusema kama wasemavyo wao: kumbukumbu yake iwe baraka. Siku ya Sabato matanga ya hadharani husimama, kwa hiyo chagua siku nyingine.

Maua usipeleke, si kawaida yao. Badala yake toa sadaka kwa jina la marehemu, mahali ambapo familia imependekeza. Makaburini utaona watu wakiweka kijiwe juu ya kaburi. Nawe okota kimoja, ukiweke.

Kuhusu chakula, tahadhari. Sisi tukifiwa, jirani huja na chungu. Lakini familia ya Kiyahudi inayoshika sheria hula chakula cha kosher tu. Nguruwe ni haramu, nyama haichanganywi na maziwa, na hata vyombo vya kupikia vinahesabiwa, kwa hiyo nyama halali ya kwetu haitoshi, na pilau yako, hata iwe tamu vipi, huenda isiliwe. Usihuzunike. Muulize anayeratibu chakula. Au peleka matunda mazima, au kitu kilichofungwa kiwandani chenye alama ya kosher, au jitolee kuosha vyombo, kupokea wageni kituo cha basi, kuendesha gari. Familia nyingine hazishiki sheria hizo na zitakula ulichopika kwa furaha. Kuuliza ndiko kunakotofautisha.

Kusimama hadharani

Siku moja baada ya mauaji ya Pittsburgh, watu walikusanyika katika ukumbi mkubwa wa mji. Kiongozi wa kituo cha Kiislamu cha Pittsburgh, Wasi Mohamed, alisimama akatangaza fedha ambazo Waislamu walikuwa wamezichanga kwa ajili ya mazishi na matibabu. Baadaye mchango ule ulipita dola 200,000. Kisha akawaambia Wayahudi waseme tu wanachohitaji: kama ni watu wa kusimama nje wakati wa ibada ijayo, Waislamu watakuja, na kama ni mtu wa kwenda naye dukani, watakuja pia. Tazama alivyopanga maneno. Aliuliza, akataja na kazi ndogo. Mwenye hofu ya kutoka nyumbani anahitaji wa kumsindikiza kununua mkate kabla hajahitaji hotuba.

Mfano wa pili ni Oslo. Februari 2015, mlinzi wa kujitolea, Dan Uzan, aliuawa nje ya sinagogi la Copenhagen. Wiki moja baadaye, jioni ya Jumamosi tarehe 21, vijana Waislamu wa Norwei waliita watu wazunguke sinagogi la Oslo wakiwa wameshikana mikono, na walikuja zaidi ya elfu moja. Waandaaji walizungumza kwanza na viongozi wa Wayahudi, na walingoja Sabato imalizike. Kama kikundi chenu kinataka kufanya jambo kama hilo, fuateni utaratibu huo. Pigeni simu, ulizeni siku na saa, waambieni polisi, teueni msemaji mmoja, na wachache miongoni mwenu wakague mabango ili lisiingie neno la kuchafua shughuli. Wakijibu kwamba kwa sasa hawataki mkusanyiko, itikieni, mtoe msaada mwingine.

Mfano wa tatu unafaa kwa aliye peke yake. Desemba 1993, katika mji wa Billings, jimbo la Montana, tofali lilirushwa kwenye dirisha la chumba cha mtoto wa Kiyahudi kwa sababu palikuwa na picha ya kinara cha sikukuu yao ya Hanukkah. Gazeti la mji likachapa picha ya kinara ukurasa mzima, na familia karibu 10,000, nyingi za Kikristo, zikaibandika madirishani mwao. Mwenye kurusha mawe angelazimika kuvunja mji mzima. Hiyo ndiyo hesabu ya mshikamano: hatari iliyomwelekea mmoja igawanywe kwa wengi hadi isimtoshe mtu.

Kazi ya nyumbani

Iliyo ngumu kuliko zote iko kwenye kundi letu la WhatsApp. Humo ndimo mjomba anapotuma video kwamba Wayahudi wanatawala benki, magazeti na magonjwa ya dunia. Porojo hizo zina ukoo wake. Mwaka 1903 nchini Urusi ilichapishwa hati iliyodai kuwa mpango wa siri wa wazee wa Kiyahudi wa kuitawala dunia. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha kwamba ilikuwa bandia, imenakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1864 kilichomshambulia mfalme wa Ufaransa na ambacho hakikuwahusu Wayahudi kabisa. Wanazi waliitumia hata hivyo, na bado inazunguka kwenye simu zetu ikiwa imebadilishwa nguo.

Mjomba usimwaibishe mbele ya watoto. Mwandikie faraghani: "Shikamoo mjomba. Ile video nimeifuatilia, ni uzushi wa zamani, na watu wameuawa kwa maneno kama yale. Naomba uifute, nami nitakutumia maelezo." Asipoifuta, andika kundini kwa adabu kwamba wewe hukubaliani, kwa sababu watoto wanasoma na kimya chako wanakihesabu kuwa ndiyo.

Mkristo akisikia mimbarini kwamba Wayahudi wa leo wabebe lawama ya kifo cha Yesu, ajue kwamba Kanisa Katoliki lilikataa fundisho hilo rasmi katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Oktoba 1965. Mwislamu akumbuke hadithi iliyopokewa na Bukhari, ya Mtume kusimama jeneza lilipopita, na alipoambiwa ni la Myahudi, akauliza kama hiyo nayo si nafsi. Nasi sote tuache kulitumia neno Myahudi kama tusi la mtu mchoyo au katili. Mtoto hujifunza chuki katika mizaha ya sebuleni kabla hajakutana na Myahudi hata mmoja.

Na anayedhani kwamba moto huu hautamfikia, akumbuke Kikambala. Tarehe 28 Novemba 2002 magaidi waliilenga hoteli ya Waisraeli kaskazini mwa Mombasa. Waliokufa walikuwa Waisraeli watatu na Wakenya kumi, wakiwamo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni.

Arobaini ikishapita

Wiki ya kwanza huwa na mishumaa, kamera na viongozi. Mwezi wa pili simu huacha kulia. Pittsburgh hukumu haikutolewa hadi Agosti 2023, karibu miaka mitano baadaye, na kwa muda huo wote familia zilingoja, kisha zikakaa mahakamani kusikiliza upya namna wazazi wao walivyokufa. Kipindi hicho kirefu ndicho kinachomtaka jirani.

Weka alama kwenye kalenda yako. Muulize rafiki yako wanaadhimisha tarehe ipi, maana kalenda yao hufuata mwezi, na siku ya kumbukumbu huhama kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida. Siku hiyo mpigie. Mtaje marehemu kwa jina. Kesi ikianza, uliza kama yupo anayehitaji kusindikizwa mahakamani. Na walinzi wakionekana mlangoni mwaka mzima, wasalimie kila upitapo, wakuzoee.

Usifanye haya kwa hesabu ya kulipwa, ingawa ujirani una namna yake ya kurudi. Machi 2019, Waislamu 51 walipouawa misikitini Christchurch, New Zealand, Wayahudi wa Pittsburgh walichanga fedha kwa ajili ya familia zile. Hawakuhitaji kuelezwa. Walikuwa bado wanaomboleza wenyewe, karibu miezi mitano tu baada ya msiba wao, na walikumbuka nani alikuja.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Jumuiya ya Kiyahudi iliyo karibu nawe haitalindwa na huruma ya watu wa mbali. Inakuhitaji wewe unayepita mbele ya lango lake ukienda kazini. Ile namba ya ofisi yao niliyokuomba uitafute, itafute wiki hii, wakati hakuna kilichotokea, ili siku utakayopiga na sauti yako imebadilika kwa huzuni, anayepokea akujue kwa jina.